Paka wangu anageuka chui kila tukienda kwa daktari

Swali: Daktari, shikamoo. Ninaishi Tabata Segerea na nina paka wawili. Bahasha ni dume aliyehasiwa, ana miaka minne, na nilimpa jina hilo kwa sababu ya rangi yake ya kaki. Mwenzake ni Bibi, jike mzee. Nyumbani Bahasha ni mpole hata watoto wa jirani humbeba, lakini siku ya kwenda kwa daktari anakuwa chui. Miezi miwili iliyopita nilimtia kwenye kiroba tukapanda bajaji. Alikitoboa, akanikwaruza mikono yote, na tulipofika akamng'ata msaidizi wa daktari aliyemshika shingoni. Tulirudi bila chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo imeshapita muda wake, na Bibi akamfokea siku mbili nzima kana kwamba hamjui. Nimepangiwa tarehe nyingine baada ya wiki tatu. Jirani ananishauri nimpe nusu kidonge cha Panadol, dada yangu anasema Piriton. Nifanye nini ili atulie?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nitaanza na vidonge, ingawa umevitaja mwisho, kwa sababu mengine yote uliyoandika yanaweza kusubiri wiki tatu, lakini ushauri wa jirani unaweza kumuua Bahasha kwa siku moja. Panadol ni parasetamoli, na ini la paka limepungukiwa na kimeng'enya ambacho mwili wa mwanadamu hukitumia kuiondoa dawa hiyo bila madhara. Ndani ya paka dawa hiyo hugeuka sumu inayoharibu chembe nyekundu za damu zisiweze tena kubeba oksijeni. Fizi huwa za kahawia au za samawati, uso na miguu huvimba, na mnyama hufa akitafuta pumzi. Fanya hesabu mwenyewe: nusu ya kidonge cha miligramu 500 kwa paka wa kilo 4 ni zaidi ya miligramu 60 kwa kila kilo ya mwili wake, ilhali dalili za sumu zimewahi kuonekana kwa miligramu 10 tu kwa kilo. Kwa hiyo si nusu, si robo, wala si punje. Piriton haina ukali wa namna hiyo ikiwa kipimo kimetolewa na daktari, na sisi wenyewe huiandika kwa paka wenye mwasho, lakini usingizi inaouleta si utulivu. Paka anaweza kulegea mwili huku hofu yake ikiwa palepale, na wapo wanaochachamaa badala ya kulala. Dawa za hofu zinazofaa zipo, na nitazifikia.

La pili lisilostahili kuahirishwa ni yule msaidizi aliyeng'atwa na paka ambaye chanjo yake ilikuwa imepita muda. Kwa kuwa miezi miwili imepita na Bahasha yu mzima, tukio lile halina tena hofu ya kichaa cha mbwa. Mnyama ambaye tayari ana virusi mateni anapong'ata huugua na kufa upesi, ndiyo maana mbwa au paka aliyeng'ata huwekwa chini ya uangalizi kwa siku 10. Ikitokea tena, hata hivyo, aliyeng'atwa asikae kuzihesabu siku hizo. Aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Hata pasipo kichaa cha mbwa, meno ya paka ni membamba kama sindano na hupandikiza bakteria chini ya ngozi, kiasi kwamba tundu dogo la mchana huweza kuwa mkono uliovimba usiku.

Sasa tuje kwa Bahasha mwenyewe. Ningependa uliweke kando neno chui kwa muda, kwa sababu mtu anayemwona paka wake kama chui hujiandaa kwa vita, hukaza mikono na kupaza sauti, na paka huyasoma hayo yote kabla hajatoka mlangoni. Paka ni mwindaji, lakini pia ni mnyama mdogo anayewindwa, na usalama wake wote umefungwa katika eneo analolijua kwa harufu. Ukimtoa hapo ghafla unamvua kinga yake ya pekee. Masikio yake hunasa sauti za juu sana, zaidi ya kilohezi 60, wakati sikio lako linakomea kwenye 20 hivi. Kwa hiyo injini ya bajaji na mikwaruzo ya breki barabarani ni kelele ambazo wewe unazisikia nusu tu. Akifika kwetu anakutana na dawa ya kusafishia sakafu, mbwa wanaobweka, na harufu ya paka waliotangulia kuogopa mezani hapohapo, kwa kuwa paka mwenye hofu hutoka jasho kwenye nyayo na wakati mwingine huachia uvundo wa tezi za nyuma. Kung'ata kwake hapo hakuwa ukorofi. Alikuwa amenyimwa njia ya kukimbia, na paka aliyenyimwa njia ya kukimbia hubakiwa na meno.

Nikiulizwa ni kitu gani hasa kiliiharibu safari yenu, nitasema kiroba, wala si mbwa wala sindano. Wahenga walituonya tusiuziwe mbuzi kwenye gunia. Nami naongeza kwamba paka asipelekwe hospitalini kwenye gunia, wala kwenye mfuko wa shangazi kaja uliofungwa zipu. Ndani ya kiroba hana sakafu ya kusimama, kila mguso wa nje unamfikia mwilini, hewa ni ya shida, na akitoboa tundu moja yuko barabarani. Nimewahi kushuhudia mama mmoja akibaki na mfuko mtupu mkononi kwenye geti la kliniki, na paka wake alipatikana siku ya tano juu ya paa la nyumba ya tatu.

Tafuta kasha gumu la plastiki la kubebea paka, na ukiweza chagua lile ambalo nusu yake ya juu hufunguka na kutoka yote, kwa sababu faida yake kubwa utaiona mezani kwa daktari. Likikushinda bei, chukua makapu mawili ya plastiki yenye matundu, ya yale ya kuwekea nguo chafu, moja lifunike jingine, uyabane kingo kwa kamba za plastiki zenye meno. Halipendezi, lakini lina sakafu, lina hewa, na halitoboki.

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya, hata mwenye kasha zuri, ni kulitunza juu ya kabati mwaka mzima na kulishusha asubuhi ya safari. Paka hahitaji kuona jambo hilo zaidi ya mara moja kulielewa. Siku ya pili, akisikia tu kasha likigongana na mlango, yuko chini ya kitanda kwenye kona ya ukutani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ni kweli, lakini aliyeinama akavuta mguu wa paka anafika kwangu akiwa na mnyama ambaye ameshamaliza subira yake yote nyumbani.

Kwa hiyo wiki zako tatu zianze leo. Toa kifuniko cha kasha, uweke nusu ya chini mahali ambapo Bahasha hupenda kulala tayari, mbali na njia ya watu, na utandike ndani khanga uliyoivaa na ambayo hujaifua. Usimwite, usimwoneshe, usimsukume. Kila siku mtupie humo dagaa mchele wawili watatu waliochemshwa bila chumvi na bila kitunguu (kitunguu nacho huharibu damu ya paka, na wengi hawalijui hilo). Siku za mwanzo huenda akanyoosha shingo tu, akanyakua dagaa na kuondoka, muache. Atakapokuwa anaingia miguu yote minne na kula bila kugeuka nyuma, rudisha kifuniko bila mlango. Akizoea hilo, weka mlango, uufunge kwa muda wa kutafuna dagaa mmoja, kisha uufungue kabla hajaomba kutoka. Baadaye nyanyua kasha sentimeta chache na ulishushe, siku nyingine tembea nalo hadi getini na kurudi, na wiki ya mwisho mwombe dereva wa bajaji wa mtaani kwenu akuruhusu ukae nalo kwenye bajaji iliyozimwa, kisha mzunguke mtaa mmoja tu na kurudi nyumbani kula.

Kipimo chako katika yote haya ni dagaa. Paka anayemkataa dagaa anayempenda anakuambia kwamba umekwenda mbali mno kwa siku hiyo, na dawa yake ni kurudi hatua moja nyuma bila kumgombeza. Mazoezi ya dakika mbili mara tatu kwa siku yanafaa kuliko nusu saa ya siku ya Jumapili. Katika wiki hizohizo mzoeze pia mikono: mguse masikio, mnyanyue mdomo kidogo uone meno, mshike unyayo mmoja na kuuachia, kila mara kwa ujira wake. Nisikufiche kwamba mafanikio yana mipaka. Kitoto cha paka kinachoguswa na watu wengi kati ya wiki ya 2 na ya 7 ya maisha yake hukua na moyo mwepesi, na kama Bahasha aliokotwa akiwa mkubwa zaidi ya hapo, hatakuwa paka wa kufurahia kliniki kamwe. Tunachotafuta ni aweze kuivumilia.

Kuhusu safari yenyewe, omba miadi ya kwanza ya asubuhi. Jiji hili kuanzia Desemba hadi Machi lina joto la kumtesa hata paka aliyetulia, na kasha lililokwama kwenye foleni ya Barabara ya Mandela saa nane mchana ni tanuri. Mnyime chakula kwa saa tatu au nne kabla ya kuondoka, maji aendelee kunywa. Tumbo tupu hupunguza kutapika na kumfanya athamini ujira. Asubuhi hiyo funga chumba cha kulala mapema ili mvunguni pasiwepo. Ikiwa atagoma kuingia mwenyewe, simamisha kasha mlango ukitazama juu na umshushe kwa kutanguliza miguu ya nyuma, taratibu, ukiwa umemkumbatia kwa taulo.

Gari lenye vioo vilivyofungwa ni bora kuliko bajaji, na bajaji ni bora mara kumi kuliko bodaboda. Ndani ya gari weka kasha sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, ambako halitelezi. Kwenye bajaji lishike mapajani kwa mikono miwili, ukilibeba kwa chini wala si kwa mpini, kwa maana mpini hulifanya liyumbe kama bembea. Lifunike kwa khanga upande wa mbele na pembeni, uache nyuma wazi kwa hewa. Mwombe dereva azime redio. Na wewe usimtulize kwa kumwambia "shiii". Kwa masikio ya paka, hiyo ni sauti ya paka mwingine anayefoka. Zungumza naye kwa sauti ya chini ya kawaida, au nyamaza.

Mkifika, usiingie moja kwa moja. Piga simu ukiwa nje, uulize kama kuna mbwa mapokezini, na kama wapo subirini ndani ya gari au kivulini hadi mtakapoitwa. Ukilazimika kukaa ndani, kasha liwe juu ya kiti, lisiwe sakafuni ambako pua za mbwa hufika, na uso wake uelekee ukutani au kwako.

Sasa nizungumze kuhusu kushikwa shingoni, na hapa ninajihukumu mwenyewe pia. Sisi wa zamani tulifundishwa kwamba paka akikamatwa ngozi ya shingo huganda kama kitoto kinachobebwa na mama yake, na kwa miaka mingi nilifanya hivyo nikiamini kwamba kuganda kule ni utulivu. Sivyo kwa paka mzima. Kwake ni woga uliokosa pa kwenda. Mwaka 2022 vyama viwili vya madaktari wa paka, kimoja cha Marekani na kingine cha kimataifa, vilitoa mwongozo wa pamoja wa namna ya kumhudumia paka, na ukamataji huo haumo tena katika njia zinazokubalika. Una haki ya kusema kabla ya kufungua kasha: "Daktari, naomba asishikwe shingoni, mara iliyopita aling'ata." Daktari mzuri hatachukia, atakushukuru kwa tahadhari. Kisha mwombe aondoe kifuniko cha juu na kumpima Bahasha akiwa amekaa katika nusu ya chini, juu ya khanga yake, akiwa amefunikwa kichwa kwa taulo ikibidi. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni sindano moja ya chini ya ngozi na huchomwa kwa sekunde chache. Hakuna sababu ya kumkokota paka hadi kwenye meza ya chuma inayoteleza kwa ajili hiyo. Sindano iwe imeshavutwa dawa kabla ya kasha kufunguliwa, na kupima joto kwa njia ya nyuma, kama ni lazima, kuje mwisho.

Utulivu huu una faida ya kitabibu pia. Hofu peke yake inaweza kupandisha sukari ya damu ya paka mzima hadi viwango vya mgonjwa wa kisukari, na hupandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo. Ndiyo maana nakushauri umpigie Bahasha video akiwa amelala nyumbani na uhesabu pumzi zake kwa dakika moja; paka mzima aliyelala huwa chini ya 30. Namba hiyo ya nyumbani humsaidia daktari kuliko ile atakayoipata kwa paka anayetetemeka. Na kama atafungua mdomo na kuhema kama mbwa, zoezi lisimamishwe palepale na apumzishwe penye giza na ubaridi. Asipoacha upesi, hapo si hofu tu, ni hali ya dharura.

Nilikuahidi dawa. Inayotumika zaidi kwa paka wa namna hii ni gabapentini, ambayo asili yake ni dawa ya binadamu ya kifafa na maumivu ya neva. Daktari wako hupima kiasi kwa uzito na kwa hali ya figo, na hutolewa nyumbani saa moja na nusu hadi tatu kabla ya miadi, unga wake ukichanganywa na samaki kidogo. Marekani iliidhinisha mwaka 2023 dawa ya jamii hiyohiyo, pregabalini, mahususi kwa hofu ya paka ya safari na ya kliniki, jambo linaloonesha kwamba shida yako si ya kudekeza mnyama. Omba dozi ya majaribio siku isiyo na safari, ili uone inavyomchukua. Baadhi huyumba, hudondosha mate kidogo na kulala sana, kwa hiyo siku hiyo asiruhusiwe kupanda paa wala ukuta. Usiinunue mwenyewe duka la dawa kwa kukadiria. Kwa rekodi ya Bahasha, mimi ningempa safari hii bila kusita, nikiendelea na mazoezi ya kasha, kwa sababu kila ziara inayopita bila kitisho huifanya inayofuata kuwa nyepesi. Na ikiwa hata kwa dawa atavuka mpaka wake, afadhali mrudi nyumbani na kupanga siku nyingine, au daktari amlaze kwa sindano ya usingizi, kuliko watu wanne kumkandamiza ili tu chanjo iingie.

Huenda utajiuliza kwa nini usimwite daktari nyumbani, kama wengi wafanyavyo hapa Dar es Salaam. Kwa chanjo, ni njia nzuri, na kwa Bibi mwenye umri mkubwa ningeipendekeza kwanza. Iwe tu katika chumba ambacho si cha kulala kwao, paka akiwa tayari ndani kabla mgeni hajabisha hodi. Lakini siku Bahasha atakapohitaji picha ya eksirei au upasuaji, hakuna pikipiki itakayokuletea chumba cha upasuaji sebuleni, kwa hiyo mafunzo ya kasha hayakwepeki.

Kuhusu Bibi kumfokea, hakuwa amemsahau mwenzake kwa sura. Paka hutambuana kwa harufu, na Bahasha alirudi akinuka kliniki, spiriti na mbwa. Mkirudi, mweke peke yake chumbani kwa usiku mmoja akiwa na maji, chakula na chombo cha mchanga. Chukua kitambaa, umpanguse Bibi mashavuni, kisha umpanguse nacho Bahasha mgongoni na kichwani. Asubuhi wape chakula wakitenganishwa na mlango uliofunguliwa kidogo kabla hujawaacha pamoja. Kulegea na kukosa hamu ya kula jioni ya siku ya chanjo si ajabu, na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili.

Kitu kimoja tu usikingojee. Msongo wa safari huweza kuamsha uvimbe wa kibofu, na kwa dume, ambaye njia yake ya mkojo ni nyembamba, huweza kuishia katika kuziba kabisa. Katika siku mbili tatu za kwanza chungulia mchanga wake. Ukimwona anachuchumaa mara kwa mara bila kutoa kitu, akilia au akijiramba sana sehemu za siri, usidhani amefunga choo wala usisubiri kukuche. Mtie kwenye kasha na muondoke saa hiyohiyo.